Nakala ya Tano

Jumanne, saa tisa na robo alasiri, prosesa nne, bongo za kompyuta ya Ndunge, zilikubaliana kwa mara ya kwanza. Alikuwa amezihangaikia miezi saba katika chumba cha nyuma cha duka la kupiga chapa mjini Machakos, akijifunza kwa vitabu vya kuazima. Kila prosesa ilijiwekea karibu nakala yake ya namba ile ile, ili isiende kila mara kwenye kumbukumbu kuu. Taabu ilianza moja ilipobadilisha yake: zile tatu ziliendelea kuamini habari ya jana. Dawa ya Ndunge ilikuwa neno moja. Kabla ya kuandika, prosesa ilizipigia nyingine kelele: tupa! Zikatupa nakala zao, kisha zikaja kuuliza mpya. Alijaribu mara milioni moja. Hakukuwa na kosa hata moja.

Akafunga duka, akapanda nyumbani kilimani Mua akicheka peke yake.

Mbinu hiyo aliiiga nyumbani kwao. Tangu baba yao, Mzee Maundu, azikwe mwezi wa tatu, vichwa vya watoto wake wanne vilifanya kazi vivyo hivyo. Nduku, mmoja wao, alipohamisha jembe kutoka jikoni hadi ghalani, jikoni palifutika vichwani mwa wengine, wakampigia simu kuuliza liko wapi. Ilipunguza ugomvi.

Desemba iliyopita, Mzee alikuwa amewaita wote wanne kwenye shamba la chemchemi, akasema ni la Ndunge, akachonga jina lake kwenye nguzo ya ua. Ndunge akapanda miche thelathini ya avokado. Mwaka huu alitaka kujenga hapo chumba chake cha kazi.

Aliwakuta ndugu zake barazani wakinywa chai.

"Zimekubali!" alisema kabla ya kuketi. "Zote nne! Zinasema kitu kimoja!"

"Na muthokoi zitatupikia?" Nduku akauliza.

Mwendwa, kitinda mimba, alicheka hadi chai ikamwagika. Mutunga, kifungua mimba, hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Lile shamba la chemchemi," alisema, "Baba alisema ni langu."

Wale watatu walihisi kitu kikiwatoka. Ndunge aliitafuta Desemba kichwani. Sauti ya Mzee ilikuwepo, na harufu ya udongo. Penye jina palikuwa peupe.

"Alisema ni la nani?" Nduku akauliza.

"Langu."

"Haya basi, ni la Mutunga," Mwendwa akasema, akajiongezea chai.

"Ni lako, kaka," Ndunge akasema.

Akawatazama mmoja mmoja. Vichwa vinne, jibu moja, bila kuvutana hata dakika. Furaha ilimpanda.

Alishuka shambani kumwangalizia kaka yake miche. Ilikuwa imeshika vizuri. Kwenye nguzo ya ua alikuta herufi zilizochongwa kwa mkono alioujua: NDUNGE. Alipitisha kidole juu yake, mara mbili. Nakala ya zamani, akawaza. Neno halikuifikia, mti hauna masikio.

Hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Alichukua panga, akakwangua hadi nguzo ikabaki nyeupe, kisha akateka maji, akaimwagilia miche ya Mutunga, yote thelathini.