Uso wa Mama Kwenye Paketi

Mwalimu Watson alikuwa na msemo mmoja aliotupigia kelele mwaka mzima: "Uso unauza." Chuo chetu kiko Tunduma, juu ya duka la vipuri, na yeye alilazimika kushindana na honi za malori yaliyopanga foleni ya kuingia Zambia huku akituonyesha paketi za sabuni na za unga wa uji. Mnunuzi, alisema, haamini maneno, anaamini macho ya mtu. Mimi Ruti nilimwelewa kuliko darasa zima, na ndiyo maana nina hasira mpaka leo.

Kazi yetu ya mwisho ilikuwa kubuni kifungashio cha bidhaa. Wenzangu walibuni chupa za maji ambayo hayapo na biskuti ambazo hakuna atakayezila. Mimi nilikwenda nyumbani Iyula. Mama yangu, Gwantwa, anakaanga kahawa yake mwenyewe kwenye chungu, anaitwanga kwenye kinu, anaichekecha, kisha anaitia kwenye vifuko vya nailoni na kuviziba kwa moto wa mshumaa. Kahawa ni nzuri, lakini kwa vifuko vile hakuna duka la mjini lililokubali kuipokea. Walimwambia alete kitu chenye sura. Basi nikasema, sura nitampa.

Nilimpiga picha mlangoni mwa jiko, amefunga kilemba chake cha kijani cha kwaya, ameshika ungo wa kahawa. Aligoma kucheka. "Nicheke nini, kwani mimi tangazo la dawa ya meno?" Kisha akayacheka maneno yake mwenyewe, nami nikaiwahi picha. Niliichora upya kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, mpaka pengo lake la jino la pembeni. Juu nikaandika Kahawa ya Mama Ruti, chini nikaweka namba yake ya simu.

Watson aliisifu mbele ya wote na kunipa alama za juu kabisa. Kwa utaratibu wa chuo, kila mwanafunzi alimkabidhi mwalimu faili lililo wazi, lile ambalo uso unakaa peke yake, maandishi peke yake, namba peke yake, ili aweze kusahihisha. Nililitia kwenye flashi nikampa. Ukimpa mtu faili la namna hiyo umempa gauni pamoja na mkasi na sindano, alifumue atakavyo. Hilo hakutufundisha.

Nikapata kazi kwenye duka la kuchapisha, kadi za harusi na mabango ya misiba, tukisubiri mavuno ili tutoe paketi za kwanza za mama. Alikuwa amekwisha kuwatangazia wanakwaya wote. Kila nilipompigia simu aliuliza, "Sura yangu imefika wapi?"

Ilifika kabla yetu. Jumapili moja nikiwa nyumbani, jirani yetu Atuganile alipiga hodi, akaingia na paketi mkononi, akaitua mezani bila kusalimia.

"Mama Ruti, kumbe siku hizi unatuchanganyia mahindi?"

Mama aliiinua paketi. Uso wake, kilemba chake, pengo lake. Juu iliandikwa Kahawa ya Mama tu, na namba ya simu ilikuwa ya mtu mwingine. Atuganile alikuwa ameinunua gulioni Mlowo kwa furaha, kumuunga mkono rafiki yake. Aliichemsha, wageni wake wakaonja, wakatazamana. Kwetu mashamba ya kahawa na ya mahindi yanapakana, na hakuna mtoto asiyejua harufu ya mahindi yaliyokaangwa mpaka yakawa meusi.

"Hii siyo yangu," mama alisema.

"Na huyu ni nani?" Atuganile akagonga picha kwa kidole. Mimi nikaichukua paketi, nikainakili ile namba ya simu.

Namba ile ilikuwa ya Deus, mwenye mashine ya kusaga mahindi pale Tunduma. Nilimfuata. Alinijibu kwa upole kama anayemwelekeza mgeni njia. "Mdogo wangu, mimi nilinunua mchoro kwa mwalimu wako. Mama yako simjui."

Watson alinipokea kwa mikono miwili, maana kazi yangu alikuwa ameibandika ukutani iwe mfano kwa wanafunzi wapya. "Kazi ya mwanafunzi ni mali ya chuo, Ruti. Tena ungeshukuru. Za wenzako zimefia kwenye flashi, yako iko sokoni."

"Ni uso wa mama yangu, mwalimu."

"Ni uso mzuri. Si nilikwambia uso unauza?"

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Ofisini kwa afisa biashara, nilikopeleka malalamiko, bwana mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama uso huo umesajiliwa.

Kahawa ya mama ikaanza kudoda. Hakuna aliyemtukana. Wanawake walimsalimia vizuri, wakanunua majani ya chai. Kilemba cha kijani akakiweka sandukuni, na kanisani kwaya nzima ikaimba kwa kijani, yeye peke yake kwa cheupe. Nilikaa benchi la nyuma nikalia, na sikulia kwa sababu ya wimbo.

Nilipokwenda tena na kompyuta yangu, alivuta kigoda akaketi kando yangu. "Ile picha bado unayo humo?"

Nikaifungua. Akajitazama kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyenichora. Nifute."

"Mama, haitasaidia kitu."

"Nifute, mwanangu."

Nilifuta maandishi kwanza, halafu ungo, halafu kilemba, uso nikaufuta mwisho. Kioo kikabaki cheupe. Mama alishusha pumzi, akanishukuru, akaenda kuwasha moto, na jioni ile nyumba ikanukia kahawa kama zamani. Sikuwa na moyo wa kumweleza.

Asubuhi alibeba vifuko vyake kwenda gulioni Mlowo. Alirudi kabla ya saa sita, kapu likiwa limejaa vilevile.

"Kule bado nipo, Ruti," alisema, akaniuliza kama nilifuta sawasawa.