Hakuna Foleni ya Akina Mama

Dorotea, mpiga taipu wa Bi Erma, alinakili majina mia mbili ya wanaume kutoka orodha ya meli ya zamani, uzalendo ukamshinda. Akamgeukia Bi Erma. "Mama, hawa wanaume walijizalisha wenyewe?"

Bi Erma alikuwa Mmarekani, mwalimu wa misheni hapo Misungwi, na kila jioni alitafuta mizizi ya ukoo wake. Wazee wake walitoka Ujerumani wakahamia Pensilvania, enzi hizo Marekani bado imo mikononi mwa Mwingereza. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaeleza kwamba meli ikifika Filadelfia, karani aliwaita wanaume wa miaka kumi na sita kwenda juu, wakaapa utii kwa mfalme, wakaandikwa. Wanawake hawakuitwa.

"Bibi aliyezaa ukoo wetu alikuwa kwenye meli hii," alisema. "Miaka saba namtafuta. Nimepata jina la mumewe, la shemeji yake, la nahodha. Lake sijalipata."

"Ebo! Hata la nahodha!" Dorotea alimaka. Roho ilimuuma kweli, maana yeye naye alibakiwa na siku tatu kabla ya kuandikwa au kuachwa.

Mwaka huo wa sabini na nne watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Jumamosi karani angeandika wakuu wa kaya, na kila mkuu wa kaya apewe kiwanja. Dorotea alikuwa mjane, ana mabinti wawili. Shimba, kaka wa marehemu, alishampa amri. "Usijisumbue kuja, Mama Odeta. Nitakuandika chini yangu. Tulikutolea ng'ombe sisi, au umesahau?" Maana yake kiwanja cha Shimba, nyumba ya Shimba, na kwa mila hata yeye mwenyewe wa Shimba. Na Shimba huyo ana wake wawili wanaomshinda!

Bi Erma alijitolea kwenda kusema na mwenyekiti wa kijiji. Dorotea akakataa. "Asante mama, lakini ukinisemea wewe, watasema mzungu ndiye aliyeandikwa."

Jumamosi wanaume walipanga foleni mbele ya ghala la pamba, wanawake wamekaa pembeni na watoto. Dorotea akaenda moja kwa moja, akasimama nyuma ya mwanamume wa mwisho. Aliogopa, tusidanganyane. Lakini alisimama.

"Mama, umepotea," mmoja alimtania. "Foleni ya akina mama iko wapi?"

"Hakuna foleni ya akina mama. Ndiyo maana nimepanga hii."

Zamu yake ilipofika, Shimba alikuja mbio akamwambia karani Nkwabi, "Huyo wangu. Mwandike kwangu."

Dorotea akabandika kiganja kwenye daftari. "Nkwabi, ukiniandika kwa huyu, wajukuu wa wajukuu zangu watanitafuta humu wasinione. Watamwona huyu. Mtazame vizuri. Huyu!"

Watu waliangua kicheko. Nkwabi akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama viatu vyake.

"Mikutanoni mnatuimbisha kwamba watu wote ni sawa," Dorotea aliendelea, sauti imempanda. "Shamba nalima mimi. Watoto nalisha mimi. Sasa mkuu wa kaya ni nani, jembe?"

"Ukiandikwa peke yako, ukoo umekutoa!" Shimba alifoka. "Usije kulia kwangu!"

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kwa Shimba ndiko walikokuwa ndugu wa mabinti zake, na kaburi la mumewe.

"Nitalia kwangu," akasema, akaondoa kiganja. "Andika. Dorotea binti Kashindye. Mkuu wa kaya."

Nkwabi aliandika polepole, kila mtu akisubiri. Kisha akainua kichwa. "Na Shimba nimwandike nani wako?"

Dorotea alimpandisha Shimba kwa macho, akamshusha.

"Jirani," alisema. "Kama kiwanja chake kitakuwa karibu."