Mdalasini wa Mzazi

Mtu akikuambia Mama Ghassan ni mbishi, mwambie bado hajamwona akiwa mbele ya sufuria. Pale Nablus, Palestina, mwanamke akijifungua huchemshiwa mdalasini, ukanywewa na kokwa za jozi zilizokatwakatwa zikielea juu. Wageni hunywa, na mzazi hunywa kuwashinda wageni. Wengine hutia vijiti viwili vitatu, basi. Mama Ghassan alisaga mwenyewe yale magome manene makali ya sokoni, akatia unga wake kwa kijiko cha kupakulia.

"Mdalasini wa majimaji mpelekee adui yako," alisema.

Mkwewe, Rawan, alikuwa na siku ya tatu tangu ajifungue mtoto wa kiume. Aliwahi kuugua ini, na daktari alimwonya kwamba mdalasini wa aina ile ni wa kuonja tu, chembe kwenye wali na si zaidi. Ghassan, mume wa Rawan, alimfikishia mama yake maneno hayo.

"Huyo daktari alizaliwa na jiwe?" mama alimaka. "Mama yake hakunywa?"

"Mama, nakuomba. Kidogo tu."

"Nenda zako huko! Mambo ya uzazi unayajua wewe mwenye ndevu?"

Basi ikawa bilauri asubuhi, bilauri jioni, na katikati yake wali, kuku, mpaka uji wa mchele, vyote rangi ya udongo. Rawan alikunywa, akarudisha bilauri tupu na kusema, "Ahsante mama, Mungu akuweke." Siku ya kumi alikataa chakula. Siku ya kumi na mbili macho yake yakawa manjano. Na Mama Ghassan, badala ya kushtuka, alisema baridi ya uzazi imemwingia mifupani, akaongeza kijiko. Jamani, mapenzi nayo yana upofu wake!

Ghassan alipoyaona yale macho hakubishana tena na mtu. Aliita gari, wakaenda hospitali wote, na mtoto wao. Daktari alimpapasa Rawan tumbo, akasoma majibu ya damu, akauliza, "Nyumbani unakula nini?"

Rawan alimtazama mama mkwe wake, kisha akainamisha uso. "Vya kawaida tu."

Mama Ghassan angeweza kunyamaza, kwani idadi ya vijiko aliijua yeye peke yake.

"Ananifichia, daktari," alisema. "Nimempa mdalasini. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni, mbali na wa chakulani. Nilikatazwa, nikabisha."

Daktari hakumgombeza. Alisema huenda kuna sababu nyingine pia, lakini kwa ini kama lile huo ni mzigo juu ya mzigo. Rawan angelazwa siku hiyo hiyo, na wodi ile haikupokea vichanga.

Mama Ghassan aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Mwanangu, ulijua. Kwa nini ulikunywa?"

"Wenzangu huchemshiwa na mama zao," Rawan alisema polepole. "Mimi wangu alishakufa. Niliogopa nikikataa hutanichemshia tena."

Mama Ghassan akawekewa mjukuu mikononi, akatoka naye. Mtoto alilia njia nzima, akimchokoachokoa kifuani akitafuta ziwa, na bibi, aliyezoea kulisha kila mtu, hakuwa na cha kumpa.