Keria ya Nondo

Marehemu mzee Adamu aliacha mjane mmoja, watoto wawili, shamba la mahindi, mbuzi sita na baiskeli moja nyeusi. Siku ya arobaini, ubani ukiwa bado unafuka kwenye chetezo, wazee wa ukoo walimpa Abdi mbuzi na Yusra wakampa baiskeli. Hakuna aliyecheka, ingawa kila aliyekaa kwenye mkeka ule alijua kwamba baada ya wiki mbili Yusra angeondoka Handeni, apande ndege kwenda Aljeria, asome uhandisi wa maji miaka mitano.

"Utaipeleka wapi?" Abdi alimnong'oneza dada yake.

"Aljeria."

"Kwa kukanyaga?"

"Kwa ndege."

Abdi alimkazia macho. Katika nyumba ile, maneno ya Yusra yalikuwa kama samaki wa gulioni: hayanunuliwi kabla ya kunuswa. Huyu ndiye aliyepiga kengele ya shule saa tisa za alfajiri, wasichana mia nne wakaoga maji ya baridi na kujipanga mstarini, ndipo mwalimu wa zamu akatoka na taulo kuuliza kuna nini. Lakini tangu baba yao afariki, Yusra hakuwa amemfanyia mtu yeyote hila. Wala hakuwa amelia. Jeneza lilipotoka mlangoni, shangazi zake walimtazama machoni kwa zamu, kama wanaosubiri chungu kichemke. Hakikuchemka. Yeye mwenyewe alijipapasa ndani kama mtu anayetafuta funguo, akakuta mfuko mtupu, akaenda kuosha masufuria.

Baiskeli ilimpa kazi, na kazi ilimfaa. Alipiga simu kwa shirika la ndege mara tatu, akauliza maswali yake kwa sauti ya kiranja mkuu, kisha akaandika majibu kwenye daftari chini ya kichwa cha habari alichokipigia mistari miwili: Waraka wa Baiskeli. Waraka ulieleza kwamba abiria wa mbali anaruhusiwa mizigo miwili, kila mmoja usizidi kilo ishirini na tatu, na kwamba baiskeli huhesabiwa kuwa mzigo kama mzigo mwingine, mradi imefungwa kwenye boksi, pedeli zimetolewa, usukani umegeuzwa na tairi hazina upepo. Hapo mtu halipi hata senti ya ziada. Ikizidi kilo moja tu, faini yake ingetosha kununua baiskeli nyingine na pampu juu. Boksi lisinunuliwe uwanjani, maana huko wanauza hata kamba kwa bei ya ng'ombe. Liombwe kwenye duka la baiskeli, ambako ni takataka. Na nguo za msafiri zizungushiwe fremu badala ya magodoro, ili zisafiri bure na kufanya kazi njiani.

Mama yake, Mwaija, alisomewa waraka wote akiwa kitandani. Alikuwa ndani ya eda, hatoki mpaka miezi minne na siku kumi itimie, hivyo mambo yote ya safari aliyaendesha kutoka chumbani kama jemadari.

"Mizigo miwili," alisema. "Mmoja baiskeli. Wa pili ni unga na maharage. Huko wanakula mikate."

"Sawa, mama."

"Hulii?"

"Nitalia, mama. Kwanza nipime baiskeli."

Jumatatu ya wiki ya safari aliikokota hadi kwa fundi Sadala, ambaye banda lake limeegemea ghala la mnunuzi wa mahindi. Waliazima mizani ya magunia, wakailaza baiskeli juu yake, Sadala akasukuma jiwe la mizani mpaka chuma kikatulia.

"Thelathini na moja," akasema.

"Inatakiwa ishirini na tatu."

"Mwanangu, hii baiskeli imekula." Sadala aliinama, akagonga keria kwa spana. Ililia kama kengele ya kanisa. "Mla mwenyewe huyu hapa. Nondo za milimita kumi na mbili, pande zote, nimezichomelea mpaka kwenye fremu. Kilo nane hizi, hazipungui."

Yusra alipiga hesabu. Thelathini na moja toa nane. Ishirini na tatu kamili, kama vile shirika la ndege na marehemu walikuwa wameshauriana.

"Kata," alisema.

"Nikate?"

"Kata keria, uichukue mwenyewe, utengenezee mtu mwingine. Mimi nitakwenda na iliyobaki."

Sadala aliinyanyua grenda ya kukatia chuma, akaitazama, akairudisha chini bila kuiwasha. 

"Mzee alinikalisha siku mbili kwa keria hii," alisema mwishowe. "Nilimwambia, mzee, hata mkaa haubebwi na chuma cha namna hii. Akasema si mkaa. Akasema, Sadala, shule ya huyu mtoto inadai matofali, keria ya dukani imevunjika siku ya kwanza tu. Nifanyie itakayobeba manne kila nikienda, mpaka amalize."

"Matofali gani?"

"Ya mchango. Si mlikuwa mnajenga bweni?"

Hakukuwa na bweni. Hakukuwa na mchango wa matofali. Kulikuwa na Yusra wa miaka miwili iliyopita, siku anakwenda kuanza kidato cha tano Korogwe, akiwa amepanga Abdi ambebee sanduku la bati kichwani hadi stendi. Kwa heshima ya ndugu yake alipachika matofali manne katikati ya mashuka. Asubuhi ile Abdi akaamka na malaria. Baba akalichukua sanduku, akalifunga kwenye keria. Yusra alitembea nyuma yake amefunga mdomo, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri. Kabla ya kufika lami keria ilikatika, sanduku likaanguka, kifuniko kikafunguka. Baba yake aliyatazama yale matofali. Alisema "Aa," akafunga kifuniko, akaliweka sanduku begani, wakaenda.

Hakuuliza kamwe. Yusra alikuwa amesubiri karipio hilo miaka miwili, akadhani mzee analitunza kwa siku maalumu. Sasa alielewa kwamba halikuwepo. Fomu ya kujiunga na shule ilikuwa imeagiza jembe, fyekeo, reki, ndoo mbili, fagio la ndani, fagio la nje na mfuko wa chokaa. Mtu aliyekwisha kununua chokaa ili mwanawe asome, akikuta matofali, hashangai. Anatafuta tu keria imara.

"Nisubiri mpaka kesho," alimwambia Sadala.

Kesho yake alipanda basi la Korogwe. Safari ilikuwa na sababu rasmi: Handeni maboksi ya baiskeli yalikuwa yameshageuzwa dari na mabanda ya kuku, na karibu na stendi ya Korogwe kulikuwa na duka ambalo mwenyewe alimpa mawili bure, akimtaka tu ayaondoe kabla mbuzi hawajayala. Yusra aliyakunja, akayafunga kwa kamba ya katani, akayaacha palepale dukani mpaka arudi. Kisha akapanda bodaboda kwenda shuleni, na kwa safari hiyo hakuwa na sababu rasmi.

Mlinzi wa getini, mzee Benedicto, alikuwa amekaa mahali alipokaa siku zote, kwenye benchi lililo nje ya kibanda chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Aa, Yusra! Umekuja kupiga kengele?"

"Nimeacha, mzee." Akasogea karibu. "Mzee, kuna mtu aliwahi kuleta matofali hapa? Kwa baiskeli?"

Mzee Benedicto aliinuka, akapangusa suruali yake kwa nyuma, akaonyesha alipokuwa amekaa.

Lilikuwa benchi la matofali ya kuchoma, thelathini na mawili, yamepangwa bila udongo wala saruji. Yusra alilifahamu. Alilifahamu kuliko wanafunzi wote, kwa sababu kila aliposhikwa na kosa alipigishwa magoti mbele yake, saa nzima, macho yakitazama safu ya tatu.

"Kumbe yule ni baba yako," mzee Benedicto alisema. "Kila siku ya wazazi, manne. Ananiambia ni mchango wa mtoto wake anayesoma hapa, hataji jina. Mara ya kwanza niliuliza ofisini, wakasema hawana habari na matofali. Sasa mwanangu, mtu ametoka Handeni na baiskeli, shati limemganda mgongoni, nimwambie ayarudishe? Nikapokea. Mara ya pili nikapokea. Baadaye nikaona aibu ya kumwambia imekuwa kubwa kuliko matofali yenyewe."

"Mara nane," Yusra alisema.

"Mara nane. Hajambo lakini?"

"Amefariki. Wiki iliyopita ilikuwa arobaini."

"Pole sana, mwanangu. Pole." Mzee akavua kofia yake ya ulinzi. "Kaa basi. Kaa."

Yusra alikaa. Alikumbuka siku hizo nane. Baba alikuwa anafika amechoka, anakunywa maji kikombe juu ya kikombe, na rafiki zake walipouliza kwa nini hakupanda basi, Yusra aliwaambia kwa uso mkavu kwamba mzee anajiandaa kwa mashindano ya taifa. Walicheka sana. Sasa alingoja kitu kimpande kifuani, aibu au kilio, chochote kilichokuwa zamu yake. Hakikuja. Kilichokuja kilikuwa joto: matofali yalishinda juani tangu asubuhi, na yalikuwa yanamchoma taratibu kupitia sketi. Hilo alilihisi. Akabaki amekaa mpaka bodaboda akapiga honi.

"Naomba moja," alisema alipoinuka.

"Ni ya kwenu," mzee Benedicto akajibu, akalichomoa la pembeni, akalifuta vumbi kwa kofia.

Jumatano Sadala aliwasha grenda. Yusra alimsimamia kama mkaguzi: keria ikatwe palepale kwenye maungio, isipinde, isitupwe, maana Aljeria nako hawakosi mtu mwenye mashine ya kuchomelea. Sadala hakudai malipo, akasema kazi ile haijaisha, imehamia tu kwa fundi mwingine. Walitoa pedeli na magurudumu, wakageuza usukani, wakatoa upepo. Upepo ulitoka kwa sauti ndefu, na wote wawili wakasikiliza mpaka ukaisha, kwa sababu ulikuwa umejazwa na marehemu.

Nyumbani fremu iliingia boksi la kwanza, ikazungushiwa magauni, sweta na vitenge. Boksi la pili lilipokea magurudumu na keria, halafu tofali likiwa limeviringishwa kwenye shuka. Unga na maharage vilikuwa vimebaki sakafuni, na mahali pa kuviweka vyote hapakuwepo.

Mama alitazama kutoka mlango wa chumba.

"Hicho chuma ndicho alichokuwa anabebea?"

"Ndicho."

"Alisema ni mambo ya shule, nisiingilie." Akaonyesha kwa kidole. "Na hilo kwenye shuka?"

Yusra alimwambia. Alimwambia yote, tangu sanduku la bati mpaka benchi, kwa sauti ileile ya kusoma waraka. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikuja, akaushika mfuko wa unga, akaurudisha jikoni mwenyewe.

"Huko unga upo?" aliuliza akirudi.

"Upo wa ngano."

"Basi utakula ngano. Maharage weka, yajaze hapo kwenye spoki."

Walipopima kwenye mizani ya ghala, boksi la kwanza lilikuwa kilo ishirini na mbili, la pili ishirini na tatu kasoro robo.

Alhamisi asubuhi waliagana ndani, mama asivuke kizingiti. Sadala alitangulia na boksi la fremu kwenye mkokoteni. La pili, kwa kuwa mkokoteni ulijaa, Abdi alilitwika kichwani. Alitembea hatua hamsini kimya, na hatua hamsini nyingine akihema.

"We Yusra, umeweka nini humu? Matofali?"

"Moja."

Abdi alisimama. Alingoja Yusra acheke, akaona hacheki.

"Lile sanduku la kidato cha tano," Yusra alisema, "lilikuwa na manne. Yalikuwa ya kwako."

"Mimi?"

"Wewe. Ukaumwa malaria. Akabeba baba, akadhani yanatakiwa shuleni. Akaendelea kuyapeleka mpaka nikamaliza."

Gari la mkaa lilipita, likawaachia vumbi. Abdi alilishusha boksi kwenye majani, akalikalisha, akalitazama muda wa kutosha. Yusra alidhani atalifungua. Hakulifungua. Alisema "Aa," kwa sauti ambayo Yusra alikuwa ameisikia mara moja tu maishani, mahali hapohapo kabla ya lami. Ghafla macho yakamchoma Yusra kama aliyekata vitunguu.

Abdi alikwisha kuinama. Aliliweka boksi begani safari hii, akalitikisa kidogo likae.

"Ungeweka mawili," alisema. "Linaelemea upande mmoja."

Wakaenda.