Waya wa Ardhi

Fundi hakuinama. Alijua muuzaji wa vitu chakavu akiona mtu anainama, bei inapanda hapo hapo. Alisimama wima, mikono nyuma, akayapitisha macho juu ya pasi zilizokufa, viatu visivyo na wenzake na mabeseni yaliyopasuka, mpaka yakafika kwenye kitu alichokikalia muuzaji mwenyewe. Lilikuwa sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi, ile ya mageti, lenye mshikio wa ngozi uliokatika upande mmoja na kitambaa cha mbele kilichochanika. Muuzaji alikuwa anatafuna karanga. Maganda aliyatupia ndani ya mchaniko.

"Hicho kiti unauza?" Fundi akauliza.

Muuzaji alijibu kwamba si kiti, ni spika ya zamani, na ikipata umeme inaimba kuliko za leo. Fundi akasonya. Sanduku lile halikuwa spika tu. Lilikuwa amplifaya ya gita, ya valvu, yaani ya vile vitaa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa kabla sauti haijatoka. Mtu aliyekuwa amelikalia hakujua amekalia nini, na kwa Fundi hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko wizi.

Akiwapa kisogo, watu walimwita Fundi Msonyo, naye alijua, wala hakukataa. Alikuwa na msonyo wa kila kazi: mfupi wa wateja, mrefu wa mafundi wenzake, na mmoja usio na mwisho aliouweka kwa ajili ya wanunuzi wa spika za plastiki zenye taa za rangi. Kibanda chake cha kutengeneza redio na feni kilikuwa ukuta kwa ukuta na duka la fundi simu, na kila asubuhi alimsonya yule jirani kabla ya kumsalimu. Aliishi hivyo miaka mingi, akiwatazama watu kama vyombo vilivyounganishwa vibaya kiwandani.

Akanunua lile sanduku kwa bei ya ndoo mbili za plastiki. Akalipindua palepale, akamwagia muuzaji maganda yake ya karanga miguuni, akaondoka nalo begani.

Hakumnunulia mtu yeyote. Hilo lieleweke, kwa sababu wiki mbili nyuma binti wa kaka yake alikuja kibandani kuulizia kitu cha namna hiyo hiyo. Binti huyo alifundisha watoto wa chekechea, na alizungumza na watu wazima taratibu vilevile, kama anayewafundisha kufunga kamba za viatu. Alisema baba yake ameanza tena kulishika gita lake la zamani, jioni, kwa vidole alivyobakiwa navyo. Gita lile la umeme bila amplifaya halisikiki hata chumba cha pili. Akauliza kama baba mdogo angeweza kumtafutia chochote, hata kibovu.

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye feni aliyokuwa anaitengeneza. "Baba yako alipewa vidole kumi," alisema, "viwili akavinywa. Mwambie apige makofi."

Binti aliupachika mkoba wake begani. Kisha akasema, "Asante, baba mdogo," akaenda zake.

Basi, sanduku lilikuwa lake mwenyewe. Aliliweka juu ya meza, akasogeza taa, akafungua skrubu nane za nyuma. Sita hazikuwa za asili. Moja ilikuwa msumari.

Kwa fundi mzee, chombo kilichopita mikono mingi ni kama ukuta uliopakwa rangi mara nyingi. Ukikwangua, unawakuta wote waliopita. Fundi alianza na wa mwisho, na wa mwisho alikuwa mnyama. Mahali pa fyuzi alikuwa amezungusha karatasi ya pakiti ya sigara, ile ya kung'aa. Nyaya za spika alikuwa amezisokota kwa mkono bila lehemu, akazifunika kwa plasta ya kidonda. Fundi alimsonya, akazing'oa.

Chini yake alikutana na mwingine, wa miaka ya nyuma kidogo. Huyu alikuwa na lehemu, tena nyingi mno, kaimwaga kama uji wa mgonjwa. Alibadilisha kapasita moja, kile kikopo cha kuhifadhi chaji, akaifunga kinyume, ikavimba, ikapasuka, naye akaiacha pale pale kama mtu aliyemfunika maiti shuka akaenda kula. Fundi alicheka peke yake. Siku hizo mbili za kazi zilikuwa za raha kubwa kwake. Alikuwa na wapumbavu wa kutosha, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Siku ya tatu alifika chini kabisa, kwenye kazi ya mkono wa kwanza.

Kazi hii ilikuwa nzuri. Lehemu zilikuwa ndogo, zinang'aa, kila moja imekaa kama punje ya mtama. Nyaya zimepangwa sambamba, zimefungwa kwa uzi. Fundi alisogeza miwani, na kwa mara ya kwanza tangu afungue sanduku hakusonya. Kisha akafuata waya wa umeme kutoka pale unapoingilia, akaona nyaya mbili zimekwenda zinakotakiwa, na wa tatu umekatwa. Ni ule wa ardhi, unaopaswa kushikamana na bodi ya chuma ili umeme ukivuja upite huko na usipite kwa mtu. Ulikuwa umekatwa kwa makusudi, safi, na ncha yake imezibwa.

Alielewa sababu mara moja. Amplifaya za namna hii huvuma. Kuna fundi mvivu atakayetafuta chanzo cha mvumo, na kuna fundi mjanja atakayekata waya wa ardhi. Mvumo unakwisha, watu wanampigia makofi. Sanduku linabaki salama mwezi, mwaka, mpaka siku umeme unapovuja kwenye bodi na kukosa pa kwenda.

"Wewe," Fundi alimwambia yule mtu asiyekuwepo, kwa sauti, "ndiye mpumbavu wa kwanza. Hawa wawili walikuwa hawajui. Wewe ulikuwa unajua. Mpumbavu mwenye mikono mizuri ndiye anayeua."

Akaishika ile ncha kwa koleo ili aivue kizibo. Kilikuwa kipande chembamba cha mpira wa ndani wa baiskeli, kimezungushwa mara mbili, kikafungwa kwa uzi, na juu ya fundo kuna tone la rangi nyekundu. Rangi ya kucha.

Akaliweka koleo chini.

Alipokuwa na miaka ishirini, hana hela ya utepe wa kuzibia nyaya, alikuwa akikata mipira ya baiskeli. Na kwa kuwa alijiona fundi asiye na mfano, kila kazi aliimalizia kwa tone la rangi ya kucha ya dada yake. Muhuri wangu, alikuwa akisema. Nikifa mtanijua kwa huu.

Alichukua bisibisi, akakwangua rangi nyeusi kwenye kona ya sanduku. Chini yake ilitokea kijani. Kijani kile cha bendi aliyopigia gita kaka yake, na yeye akiwa fundi wao, hakikuwa na mwenzake, maana walichanganya wenyewe makopo mawili katika ndoo.

Siku ile ya zamani ilikuwa mchana, saa nane, katika ukumbi mtupu, wanajaribu vyombo kabla ya watu kufika. Kaka alikuwa ameshika nyuzi kwa mkono wa kushoto, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni ili aseme moja, mbili. Hakufika mbili. Alirushwa nyuma na gita lake, mkono umeng'ang'ania, na aliyekimbilia kuchomoa waya ukutani alikuwa mdogo wake. Vidole viwili vya kaka vilikunjika vikakaa hivyo. Watu walipouliza kumetokea nini, fundi kijana alisema, "Amekunywa. Ana mikono ya jasho, nimemwambia mara ngapi." Waliokuwa karibu wakainusa pumzi ya majeruhi, wakatikisa vichwa. Bendi ikatafuta mpiga gita mwingine.

Siku ile fundi hakulifungua sanduku. Wala siku iliyofuata. Miaka ishirini na sita alimsema kaka yake kwa kila aliyetaka kusikia na kwa wengi wasiotaka: mlevi, mzembe, aliyekikojolea kipaji chake. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza kwa nini hakulifungua.

Aliivua ile ncha. Akauchuna waya wa zamani, akaona haufai, akaweka mpya wa nyaya tatu. Akakwangua bodi ya chuma mpaka ikang'aa, akaufunga waya wa ardhi kwa nati na bolti, akaongeza nati ya pili juu ya ile ya kwanza. Akapima. Akapima tena. Alibadilisha kapasita zote, hata ambazo hazikuwa na ubaya. Mkewe alipomuuliza mbona hali chakula, alisema ana kazi. Alitaka kusonya, msonyo ukakataa kutoka.

Jumamosi alilibeba hadi kwa kaka yake.

Kaka alikuwa uani, anafua. Uani palikuwa na bomba la chuma lililotoka ukutani, sinki la saruji chini yake, na kamba ya nguo iliyokatiza kutoka dirisha hadi dirisha. Alikuwa amezeeka vizuri kuliko Fundi alivyotaka kukumbuka: mwembamba, shati safi, macho meupe kama ya mtu anayelala mapema. Fundi alimwamkia, akaitikiwa. Binti akatoka ndani, akaliona sanduku, akaanza kufurahi. Kisha akamtazama baba yake mdogo usoni, akaacha.

Fundi alikuwa amepanga maneno njiani, mengi. Yote yalimkimbia.

"Kaka, hili ni lile la bendi," alisema. "Waya wa ardhi niliukata mimi."

Kaka aliendelea kukamua shati kwa mkono mzima, akilibana mwisho wake kwapani. "Upi?"

Fundi akamweleza. Alieleza kama anavyomweleza mteja: umeme unaingia hapa, unavuja pale, ukikosa ardhi unamtafuta mtu. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliukata kwa nini?"

"Lilikuwa linavuma."

"Likaacha?"

"Likaacha."

Kaka aliliweka shati kwenye beseni. "Siku ile nilikunywa chupa mbili," alisema, polepole. "Kila nikiutazama mkono huu nazikumbuka zile chupa mbili. Sijagusa nyingine tangu siku hiyo. Mama alikufa akiniombea niache pombe, na nilikuwa nimeshaiacha miaka kumi na moja. Nilimwambia. Alikuwa ameamini maneno yako."

Fundi alingojea atukanwe. Alilitaka tusi kama mtu mwenye kiu. Badala yake kaka alimtazama kuanzia viatuni, akampandisha mpaka kichwani, akamshusha, bila haraka, mdomo umevutwa kidogo upande mmoja. Fundi aliujua mtazamo ule. Alikuwa akiutoa kila siku. Hakuwahi kuupokea.

"Chomeka," kaka alisema.

Waya ulipita dirishani. Kabla ya kuchomeka, Fundi aliipima soketi ya ukutani, akakuta ardhi yake inafika. Alisema hivyo. Kaka alimtuma binti yake alete gita. Lilipokuja, hakulipokea.

"Mpe yeye."

Binti akampa baba yake mdogo. Kaka mwenyewe ndiye aliyechomeka waya wa gita kwenye sanduku.

"Shika nyuzi zote," alisema. "Mkono mwingine shika bomba."

"Kaka, nimepima mara nne."

"Shika."

Fundi alizishika nyuzi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akauzungusha kwenye bomba la chuma, baridi na lenye maji, njia ya umeme kwenda ardhini kama ilivyokuwa maikrofoni ile. Kaka akabonyeza swichi kwa kidole gumba.

Fundi alijua, kuliko mtu yeyote aliyesimama pale, kwamba shoti haisubiri valvu zipate moto. Kama ipo, ipo tangu kubonyeza. Mwili wake haukujua hivyo. Ulisubiri. Nyuma ya sanduku vile vitaa vya kioo vilianza kuwa vyekundu, kimoja baada ya kingine, na sekunde zilipita kama watu wanaotoka msibani. Halafu sanduku likafunguka sauti, na hakuna kilichomrusha.

Akapumua. Akaanza kulegeza mkono kwenye bomba.

"Usiachie," kaka alisema, akaokota beseni.

Alikwenda kwenye kamba, akatoa vibanio mfukoni, akaviweka mdomoni, na akaanza kuanika nguo moja moja, mgongo ukiwaelekea. Kwa mkono ule kila nguo ilichukua muda. Binti alisimama mlangoni. Vidole vya Fundi vilikuwa vimeanza kutetemeka juu ya nyuzi, na kila kilipotetemeka, sanduku lilikikuza: mkwaruzo, mguno, sauti nene isiyo wimbo wowote, ikajaa uani, ikapita ukuta, mpaka jirani mmoja akafungua dirisha la juu atazame ni nini. Fundi alijaribu kuvituliza, vikazidi.

Kaka alilikung'uta shati mara mbili, akalitandaza juu ya kamba, akalinyoosha kola.