Rundo la Émile

Volkano ya Nyiragongo ilipotapika mwezi ule wa Januari haikuuliza nani ana hati ya kiwanja na nani hana. Ilimwaga moto wake juu ya migomba, vyoo na mazizi bila upendeleo, na moto ulipopoa, mtaa mzima wa Goma kando ya barabara ya Rutshuru ulikuwa umelala chini ya mawe meusi. Wakubwa wa ofisini walikuja ndani ya suti zao za abacost zilizopigwa pasi, wakatazama, wakatikisa vichwa, wakarudi mjini kula. Basi watu wakajitungia sheria yao.

Sheria yenyewe ilikuwa rahisi. Kila aliyekumbuka palipokuwa nyumba yake alikusanya mawe akafanya rundo penye kona ya kiwanja, na kila alipopita aliongeza jiwe. Rundo linalokua lina mwenyewe, haligusiki. Rundo lililoacha kukua ni la mtu asiyerudi, na mwenye shida anaweza kujenga hapo bila kumwomba mtu radhi. Na jiwe sharti liwekwe kwa mkono wa mwenyewe. La kutumwa halihesabiwi.

Zéphirin Habarurema, mwuza jibini kutoka vilima vya Masisi, alikuwa na marundo mawili. Moja lake. La pili la mwanawe wa pekee, Émile, aliyekwenda Ulaya kusoma mambo ya mitambo zamani, kabla ya moto, na akapata kazi hukohuko. Kiwanja kile baba yake alikuwa amemnunulia kwa ng'ombe aliyekuwa akimpenda kuliko wote. Kila alfajiri, akienda kupokea jibini zake, Zéphirin aliweka jiwe kwenye rundo lake, kisha akatazama kulia na kushoto kama mwizi wa kuku, akaweka la pili kwenye rundo la Émile. Alidhani hakuna anayemwona. Mtu akiiba muda mrefu bila kukamatwa huanza kujiona mjanja.

Hakuwa akifanya hivyo kwa mchezo. Mkewe Donatille, kabla ya kufa mwaka uliofuata ule wa moto, alimshika mkono akamwambia, "Ule mutoto atakuya. Umulindie nafasi yake." Tangu hapo mzee alikula peke yake, akalala peke yake, akazungumza na jibini. Kitu pekee kilichomwamsha asubuhi ni lile jiwe la Émile.

Ndipo tikiti ya ndege ilipofika. Émile alikuwa anamwita baba yake aende kumwona huko anakokaa, katika mji wa Tarragona, Hispania, kando ya bahari. Mtaa wote ulifurahi. Baba haitwi mbali hivyo bure, walisema. Huyu anaitwa amchukue mwanawe.

"Papa Zéphirin, unaenda kumuleta?" aliuliza Lucie, mjane wa Rutshuru aliyekuwa akiuza sambaza, visamaki vya ziwani. Yeye hakuwa na rundo popote. Alilala na watoto wake katika jiko la shemeji yake, na jiko hilo lilikuwa halina mlango.

"Ninaenda kumuleta," alijibu Zéphirin.

Usiku wa kuondoka alichukua jiwe moja kutoka kwenye rundo la Émile, akalifunga ndani ya kipande cha kitenge cha marehemu mkewe, akaliweka chini kabisa ndani ya sanduku pamoja na jibini kubwa ya Masisi. Mpango wake ulikuwa huu: atampa Émile jiwe mkononi na kumwambia, twende ukaliweke mwenyewe. Maneno hayo aliyarudia ndani ya kila ndege aliyopanda, midomo ikicheza, mpaka mzungu mmoja aliyeketi karibu naye akadhani anasali rozari.

Émile alimpokea kwenye stesheni ya treni. Alikuwa amenenepa, amevaa koti la mvua, na alimkumbatia baba yake kwa nguvu, wote wawili wakalia bila aibu mbele za watu. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kimeshika kutu. Alianza sentensi, akakwama, akaimalizia kwa Kifaransa.

Nyumbani kulikuwa na mke, Núria, aliyembusu mzee mashavu yote mawili kabla hajajua afanye nini na uso wake. Kulikuwa pia na mtoto wa kike mwenye nywele kama pamba nyeusi, aliyejificha nyuma ya kiti. Zéphirin hakuwa ameambiwa habari za mke wala za mtoto.

"Jina lake nani?" aliuliza.

"Donatila," alisema Émile, bila kumtazama. "Ya mama."

Mzee alifurahi, na palepale akaogopa. Aliye njiani tu hampi mtoto jina la mama yake. Jina hilo hupewa mtoto anayezaliwa nyumbani, mtu akishatua.

Siku zile alitendewa vizuri, tena vizuri mno. Jibini ya Masisi ilikatwa na kusifiwa, wakwe wakaja kumwona, meza ikajaa. Wote walizungumza kwa pamoja, wakacheka, na Zéphirin akacheka nao, ila yeye alichelewa kidogo kila mara kwa sababu ilimbidi angoje aone wenzake wamecheka. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuwa mpweke akiwa amebanwa mabega pande zote mbili. Huko Goma alikuwa peke yake, ndiyo, lakini hata sufuria ilijua lugha yake.

Émile alipokuwa kiwandani, mzee alishuka hadi penye uzio wa chuma ulio juu ya bahari, akaushika kwa mikono miwili. Ziwa Kivu lina ng'ambo. Usiku unaona taa za Gisenyi na unajua kuna mtu anapika. Maji haya hayakuwa na ng'ambo. Alitazama mpaka macho yakamwuma, akarudi nyumbani kuketi kitandani na sanduku lake. Jiwe lilikuwa bado chini ya nguo. Kila jioni alisema leo nitampa, na kila jioni Émile aliingia amechoka, mtoto akamrukia shingoni, na neno likarudi tumboni lilikotoka.

Jumapili, baada ya misa, Émile alisema, "Papa, twende nikuonyeshe Waroma."

Wakateremka, yeye na baba yake tu, hadi kwenye uwanja wa kale wa Warumi ulio karibu kabisa na bahari. Ngazi za mawe ziliuzunguka, nyingine zimevunjika, na katikati zilisimama kuta za kanisa lisilo na paa. Émile akaeleza: hapa watu walipigana na simba, hapa walikaa wakubwa, hapa Wakristo walichomwa moto. Alieleza vizuri, kama mtu anayeeleza habari za kwao. Mzee alisikiliza kwa sikio moja. Macho yake yalikuwa kwingine. Pembeni, chini ya ukuta, palikuwa na marundo ya mawe yaliyopangwa kwa uangalifu: vipande vya nguzo mahali pake, matofali mahali pake.

Moyo wa Zéphirin ulipiga. Kumbe na hawa wanajua! Katika mji mzima, hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokielewa bila mkalimani. Aliliendea rundo kubwa kuliko yote, akalizunguka, akaligonga kwa kidole.

"Huyu anakuyaka kila siku," alisema kwa heshima. "Ona vile rundo yake inakomaa. Mwenyewe ni nani?"

"Mwenyewe wa nini, Papa?"

"Wa parcelle, wa kiwanja. Na ile ya kule, ndogo, mwenyewe ni mugonjwa?"

Émile aliangua kicheko. Kisha akamtazama baba yake, akaona hatanii, kicheko kikafa. Alikuwa hajui habari za marundo. Alikuwa ameondoka kabla ya moto. Ikabidi mzee amweleze, wakiwa wamesimama hapo juani: mlima, mawe, kona, mkono wa mwenyewe. Hakutaja rundo la pili.

"Apana, Papa," Émile alisema polepole. "Hizi ni za batu ba musée, ba kuchunga vitu vya zamani. Banachimbua, banapanga. Hakuna mwenyewe."

"Waroma benyewe beko wapi?"

"Balishaisha zamani."

"Volkano iliwafukuza?"

"Hapa hakuna volkano."

"Vita, basi."

"Vita ilikuya, ikapita. Lakini bengi hawakufukuzwa na mutu. Bazee balikufa, batoto bakajenga pengine. Vile tu."

Zéphirin aliketi juu ya ngazi. Maisha yake yote alikuwa ameona watu wakiondoka, na kila mara palikuwa na kitu kinachowakimbiza: moto, njaa, bunduki, chifu mbaya. Anayekimbizwa hurudi kikiisha kinachomkimbiza. Ndiyo maana ya kumlindia kiwanja. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuondoka taratibu, na afya yake, bila kukimbizwa na chochote, na asirudi. Mtu wa namna hiyo unamngoja mpaka lini?

"Na weye?" aliuliza.

Émile alipiga magoti mbele yake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na ameharibu kitu.

"Miye niko na nyumba hapa, Papa. Nilikuita juu ya ile. Niliogopa kuiandika mu barua, nikasema ukuye uone kwa macho yako." Akameza mate. "Bakia na siye. Chumba iko. Ku Goma umebakia na nani?"

Swali hilo lilimwumiza mzee kuliko yote, kwa kuwa halikuwa na ubaya ndani yake na jibu lilikuwa fupi. Umebaki na nani? Na kaburi, na jibini, na marundo mawili. Alimshika mwanawe kichwa kwa mikono yote miwili. Alitaka kumwambia, nimekudanganyia mtaa mzima. Alitaka kumpiga kofi. Alimpenda sana wakati ule.

"Miye niko na mawe ya kuweka," alisema. "Simama, unachafua suruali."

Asubuhi ya kuondoka alishuka mapema kabla ya wengine. Nyumba ya Émile ilikuwa kwenye kichochoro cha mlima, katika mji wa zamani, na kona yake ya chini ilikuwa jiwe la Kiroma lenye herufi zilizolika. Zéphirin akafungua kitenge. Akatoa lile jiwe jeusi, jepesi, lenye matundu kama mkate, akainama, akaliweka penye kona. Halikuwekwa kwa mkono wa mwenyewe, alijua. Lakini alikuwa amezoea dhambi hiyo.

Alipoinua kichwa akamwona Donatila mlangoni, ndani ya nguo za kulalia, akimtazama. Zéphirin hakuwa na neno hata moja ambalo mtoto yule angelielewa. Akamwonyesha jiwe kwa kidole, akamwonyesha kona, akaonyesha nyumba yote kuanzia juu hadi chini. Mtoto alifikiri. Kisha akakiendea chungu cha maua, akachomoa kijiwe cheupe kwenye udongo, akaja nacho mbio, akakiweka juu ya lile jeusi. Akamtazama babu aone kama amefanya vizuri.

"Muzuri sana, mama," alisema Zéphirin, na akageuka upesi kuelekea ukutani.

Alifika Goma mvua ikinyesha. Hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye viwanja, sanduku kichwani. Alitegemea kuona rundo la Émile limeacha kukua, kwa maana muda wote huo hapakuwa na mtu wa kuliongeza. Akasimama. Rundo lilikuwa limekua. Juu yake kulikuwa na mawe mapya, yamepangwa vizuri, bila hata vumbi la barabara.

Lucie alikuwa nyuma yake, beseni la sambaza kichwani.

"Nani anaweka?" aliuliza mzee.

"Miye." Lucie alitazama chini. "Uliondoka, na hakukuwa mutu wa kukuwekea. Nikasema, yule muzee atarudia akute rundo ya mutoto inakufa, atalia."

"Mulikuwa munajua?"

"Siye bote, Papa. Tangu mwanzo. Tunakuonaka kila asubuhi. Nani atamunyanganya muzee mutoto wake?"

Zéphirin alijisikia mjinga, kisha akajisikia mwenye bahati, kisha akachoka, yote kwa mara moja. Mtaa mzima ulikuwa ukimtazama akiiba, ukageuza uso. Na huyu asiye na hata kona ya kuwekea jiwe alikuwa akiokota mawe kumlindia kiwanja mwenye nyumba Ulaya.

"Sasa Émile anakuya lini?" Lucie aliuliza. "Na ile jiwe uliyobeba usiku? Tulikuona."

"Niliiweka."

"Wapi?"

"Ku kona ya nyumba yake. Mutoto wake akaongeza ingine."

Lucie alikuwa mtu wa mawe na yeye. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akatua beseni, akakaa karibu naye katika mvua.

Kisha Zéphirin akaondoa jiwe la juu kabisa, akalibeba hadi katikati ya kiwanja, akalilaza chini. Akarudi kuchukua lingine. Lucie akamwuliza anafanya nini, akaendelea kubeba. Alipokuwa amelaza mawe ya kutosha kufanya mstari mmoja wa ukuta, mgongo ukimwuma, alisimama akapangusa mvua usoni, kama ilikuwa mvua.

"Sambaza itaoza," alisema. "Beba ile beseni, lakini kwanza uniambie. Mulango yako, utapenda iangalie wapi?"