Kisu cha Kukatia Nguruwe Migomba

Siku ile mjinga alikuwa Tongdam, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo amekaa chini ya nyumba yake, katikati ya nguzo, anachana mwanzi ambao hauna kazi tena, atakuambia hivyo kabla hujamuuliza. "Pale kijijini wajinga tulikuwa wengi," husema, "ila siku ile zamu ilikuwa yangu."

Siku hizi mpunga wa kule mkoani Roi Et unavunwa na mashine. Inaingia shambani ikikoroma kama mgonjwa wa pumu, na kabla wali wa kunata haujapoa kikapuni, shamba limekwisha nyolewa na punje ziko guniani. Hakuna mganda, hakuna wa kuufunga, wala hakuna msichana wa kukutazama unavyoufunga. Zamani mpunga ulikatwa kwa mundu, ukalazwa juu ya mabua ukauke, kisha ukafungwa miganda kwa kamba za mwanzi. Na kamba hizo hazikununuliwa. Kila mwanamume alizichana mwenyewe, kwa kisu chake.

Kisu chenyewe kilikuwa cha bei ya bure. Mhunzi alikifua kutokana na kipande cha msumeno uliokufa: makali mafupi kama kidole cha kati, na mpini mrefu uliopinda, wa kutoka ngumini hadi kwapani. Siri ilikuwa kwenye huo mpini. Uliubana kwapani, ukauegemeza mbavuni, kisu kikatulia tuli kana kwamba kimepigiliwa ukutani. Kilichotembea ni mwanzi. Uliuvuta taratibu mbele ya makali, nao ukajichana wenyewe, chriii, ukanda baada ya ukanda, mwembamba sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Kila nyumba ilikuwa nacho kimoja, kimechomekwa ukutani, na hakuna aliyekisifu, kama vile hakuna anayesifu kijiko.

Cha Tongdam kilikuwa cha marehemu baba yake. Upande mmoja wa mpini ulikuwa umelika na kung'aa kwa kusuguana na mbavu za mzee tangu ujana wake. Ukikishika, ulijua huyu bwana alikuwa mwembamba, na alikuwa hapumziki.

Sasa, mwaka ule Tongdam alikuwa anamtaka Bualai, binti wa Mzee Kaen. Na mtu akipenda, hukitazama kila kitu chake akaona kimechakaa: shati, nyumba, pua yake mwenyewe. Binamu yake aliyekuwa akiosha vyombo kwenye kambi ya askari wa kigeni kule Udon akarudi na kisu cha askari. Kinene, cheusi, mgongoni kina meno ya msumeno, na ala yake ya ngozi. Tongdam alikitazama mara moja tu, akaenda kumleta jogoo wake wa kupigana, wakabadilishana. Jogoo yule alikuwa hajawahi kushindwa. Kuanzia siku ile kisu kilikaa kiunoni. Alikwenda nacho kisimani, akaenda nacho hata hekaluni, mpaka mtawa mkuu akamuuliza anakwenda kupigana na nani.

Na kile cha baba yake? Alikipeleka kwa kina Bualai, akampa mama wa msichana, Mama Pun.

"Mama, chukua hiki uwakatie nguruwe migomba. Mimi nimeshapata kisu."

Mama Pun alikipokea, akaugeuza mpini, akapitisha kidole pale palipong'aa.

"Nguruwe watashukuru," akasema.

Mzee Kaen hakuwa mtu wa maneno mengi, isipokuwa habari ikiwa nyati, wale wa kufugwa wanaolimia mpunga. Kila kijana aliyekuja jioni kukaa karibu na gurudumu la Bualai la kusokotea pamba, alisimuliwa nyati. "Mimi nilipokuja kumposa mama yake," alisema huku ametanua mikono, "nilikuja na nyati wangu, pembe hizi. Nikawalimia shamba zima. Wewe bwana mdogo utakuja na nini?"

"Nitakuja na kamba, baba. Za kufungia mavuno yenu yote," akajibu Tongdam.

"Haya, njoo na kamba. Miganda yangu ikifika uwanja wa kupuria salama, waambie wazee wako waje tuzungumze. Isipofika, usije tena kunimalizia mafuta ya taa."

Bualai hakuinua uso, lakini gurudumu lilisimama kidogo kabla ya kuendelea kuzunguka. Kwa Tongdam hilo lilikuwa hotuba nzima.

Akakata mianzi, akakaa kuichana kwa kisu cha askari. Hapo ndipo shughuli ilipomtoa jasho. Kisu kile kilitengenezwa kwa kuchoma watu, si kwa kuchana mwanzi. Mpini uliishia ngumini. Kwapani hapakuwa na kitu. Unene wa makali uliusukuma ufa, ukakimbilia pembeni, kamba ikatoka nene huku na nyembamba kule, kama nyoka aliyemeza chura. Mtu mwenye akili angetembea hatua chache hadi kwenye zizi la nguruwe, akaomba radhi, akachukua kisu chake. Tongdam akaanza kuzikwangua. Upande wa ndani wa mwanzi kisu kiling'ata sana, basi akakwangua upande wa nje, ule wa ganda la kijani, mpaka kamba zote zikawa laini na nyeupe pepe.

Kila mtoto wa kule anajua kwamba nguvu ya mwanzi iko kwenye ganda. Tongdam naye alijua. Lakini zilikuwa zinapendeza, bwana. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na yeye hata hicho kipande cha mti alikuwa amekikwangua.

Siku ya kufunga mpunga ikafika, baridi ya asubuhi bado iko kwenye mabua. Majirani walikuja kusaidiana kama desturi, na Mama Pun akaleta papai bichi la kutwanga na samaki wa kuvundikwa, harufu ikamtangulia. Tongdam akazigawa kamba zake kama mtu anayegawa hariri.

Jirani mmoja, Bibi Oi, mwanamke aliyekuwa na ulimi wa kunyolea nywele, akaiinua moja juani. "Nyeupe hivi? Hizi ni za mpunga au ni nyuzi za kuwafunga maharusi mikononi?"

"Zote mbili, bibi," akajibu Tongdam. Watu wakacheka, Bualai akajifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa. Tongdam alikuwa juu kabisa, na aliye juu kabisa hana pa kwenda ila chini.

Miganda ikafungwa. Tongdam akachukua mzegazega, ule mti wa mwanzi uliochongwa huku na huku, akachoma miganda upande huu, akachoma miganda upande ule, akajitwika begani. Alipita njia ndefu, juu ya tuta, ili wote wamwone. Mzegazega ulicheza begani, huku juu, huku chini, kama unavyocheza mzigo mzuri.

Ta.

Alidhani amekanyaga kijiti. Ta, ta. Mganda wa mbele ukafumuka, ule wa nyuma ukaufuata, mzegazega ukapinduka, na Tongdam akakaa kitako kwenye tope la mfereji amekumbatia mti mtupu. Punje zilimwagika majini na kwenye mabua. Na huko nyuma, miganda iliyokuwa imelala kwa adabu nayo ikaanza kufunguka mmoja mmoja, kama watu wanaopeana habari.

Bata wa Bibi Oi walifika kabla ya mtu yeyote.

Hakuna aliyecheka mwanzoni, maana mpunga una mama yake, roho anayeulinda, na kumwaga mpunga ni kumsukuma mama huyo chini. Mama Pun alipiga magoti, akaanza kuokota punje na kuzitia kwenye kitambaa. "Tusamehe, Mama Mpunga," alinong'ona. "Usitukimbie. Ni ujana tu." Bualai naye akapiga magoti kando yake. Tongdam alitamani mfereji uwe na kina zaidi.

Kisha Bibi Oi akasema, "Basi maharusi tutawafunga kwa nini?" Ndipo shamba zima likaangua kicheko.

Bualai aliinuka. Alikwenda nyumbani kwao, pale ng'ambo ya tuta, akarudi na pingili ndefu ya mwanzi wa kijani begani, na mkononi kisu cha nguruwe, kinanuka utomvu wa mgomba.

"Kaka Dam," akasema mbele ya watu wote, "nguruwe wanakusalimu. Wanasema wao wameshiba, wewe bado una kazi."

Tongdam akakipokea. Akakifuta kwa shuka ya kiunoni, akaketi juu ya tuta, akaubana mpini kwapani. Pale palipong'aa pakaingia mbavuni mwake kana kwamba palikuwa pakimngoja. Mbavu zilikuwa zilezile. Akauvuta mwanzi. Chriii. Akakumbuka baba yake alivyokuwa akikaa hivi jioni za baridi, moto uko miguuni, hasemi na mtu, kanda zinamdondokea mapajani. Na jinsi yeye mwenyewe, mdogo, alivyolala kwa sauti ile. Tangu mzee afariki alikuwa hajaisikia. Ilibidi ainamishe uso, asingizie vumbi la mabua.

Kanda zilitoka za kijani, nyembamba, sawasawa. Watu walizichukua hata kabla hajazimaliza. Walifunga upya, na yeye akachoma miganda, akajitwika, safari hii kwa njia fupi. Uwanjani aliitua. Hakuna hata mmoja uliolegea. Alikwenda na kurudi hadi shamba likabaki mabua matupu.

Mzee Kaen alikuwa ameketi ukingoni mwa uwanja, amekunja uso.

"Miganda imefika, baba," akasema Bualai.

"Imefika safari ya pili. Mimi nilisema ifike, sikusema ifike ikiwa imechoka kumwagika."

"Kamba ni zake, mkono ni wake."

"Tatizo langu si kamba, mwanangu." Mzee alimgeukia Tongdam. "Kisu kile ulikitupa kwa nini?"

Tongdam alitazama miguu yake yenye tope. "Niliona haya, baba. Nilitaka mnione na kitu kizuri."

"Umesikia?" Mzee Kaen akamwambia binti yake, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Anayekionea haya kisu cha baba yake aliyemlisha, kesho atanionea haya mimi, keshokutwa atakuonea haya wewe. Mwanamume huja na kilicho chake, hata kikiwa kibovu. Mimi nilipokuja kwa kina mama yako, je, nilijipamba kwa vya watu? Nilikuja na nyati wangu, pembe hizi..."

Mama Pun alikuwa bado anachambua tope kwenye punje alizookota. Hakuacha kuchambua, wala hakuinua kichwa.

"Nyati alikuwa wa kuazima, Baba Bualai. Jioni alirudi kwao, mwenyewe, bila kuswagwa. Wewe ndiye uliyebaki."